Paja la Kulia

Harufu ilishuka kutoka nyumba za makuhani, ikapita juu ya mapaa ya watu mpaka bondeni kwa wafinyanzi, na ilipofika mlangoni kwa Yerusha ikabisha hodi. Ndivyo alivyoona yeye. Mimba yake ilikuwa inachagua. Mkate haitaki, dengu haitaki, tini ndiyo kabisa, zinamtapisha. Ilitaka kitu kimoja tu: paja la kulia la kondoo wa sadaka, lile analopewa kuhani.

Na hilo ndilo alilokatazwa. Yerusha alikuwa binti wa kuhani Petahia, amekula nyama hiyo tangu hana meno ya kutafunia. Lakini binti wa kuhani akiolewa na mtu asiye kuhani, vitu vitakatifu vya baba yake havili tena. Yeye alimpenda Elasa mfinyanzi, mwenye udongo mpaka kwenye nyusi, na siku ya harusi nani anawaza nyama?

"Hata si nyama inayoniuma," alimwambia mumewe. "Zamani nilikuwa mtu wa ndani kwa Mungu. Sasa sheria inaniita mgeni. Ni kama nimefungiwa mlango."

"Basi uache kunusanusa hewa kama mbwa wa jirani," Elasa akasema, akakwepa kibuyu alichorushiwa.

Yerusha akapanda kwa wazazi wake. Alimkuta baba yake uani anakula, ndevu zinang'aa mafuta.

"Baba, nionjeshe."

"Hapana, mwanangu."

"Ka kidole tu."

"Hata ka ukucha."

Zibia, mama yake, akajifanya anafukuza nzi, na katika kufukuza huko bakuli likasogea upande wa binti. Petahia akalirudisha bila kuinua macho. "Nzi wa siku hizi, mama Yerusha, wana nguvu."

Yerusha akakaa chini. "Mtumwa uliyemnunua, anakula nyama hii?"

"Anakula. Huyo ni wa nyumbani mwangu."

"Basi ninunue. Elasa aniuze leo, kesho anikomboe."

Petahia akapaliwa, mpaka Zibia akampiga mgongoni. "Nikununue na ulimi huo? Nitapata hasara!"

"Basi anipe talaka mpaka jioni. Binti aliyeachwa akarudi kwa baba yake, anakula."

"Anakula kama hana mtoto. Na hicho tumboni ni nini, tikiti?"

Zibia alicheka mpaka akashika ukuta. Petahia hakucheka. Aliweka nyama chini, akapangusa mikono.

"Sikiliza, Yerusha. Wako makuhani wanaochota nyama hata Mungu hajateketezewa mafuta yake. Watu wanaona. Wakishaona, wanasema, kama ndiyo hivi, kondoo wangu abaki zizini, na mimi nibaki naye. Nikiiba kwa ajili yako leo, watu hao nitakuwa nimewafukuza mimi mlangoni kwa Mungu. Halafu, kondoo ana paja moja?"

Yerusha akaondoka amenuna. Alinuna mpaka katikati ya mteremko, akasimama ghafla.

"Elasa! We Elasa!" Alianza kuita hata nyumba haijaonekana.

Elasa alitoa mitungi yake mizuri, ile aliyokuwa akiipapasa kama watoto, akapata kondoo dume asiye na dosari. Walimpeleka awe sadaka ya amani, ile ambayo aliyeileta naye hula nyama yake, ya kushukuru kwa ajili ya mimba. Zamu ya madhabahuni siku hiyo ilikuwa ya Petahia. Akamkagua kondoo macho, meno na kwato, kana kwamba wenye kondoo hajawahi kuwaona.

"Wekeni mikono."

Yerusha akaweka kiganja kati ya pembe. Kichwa kilikuwa cha moto, kinapumua. Miaka yote ile ya kula, hakuwahi kufanya hivi. Walioleta walikuwa wengine, yeye alikuwa wa kutafuna tu.

Elasa akachinja. Kisha Yerusha akapewa mafuta na kidari ashike kwa mikono yake mwenyewe, maana ndivyo inavyotakiwa kwa mwenye sadaka. Baba yake akaweka mikono yake chini ya mikono ya binti, wakainua pamoja mbele za Bwana.

"Karibu," Petahia akamwambia, kwa sauti ileile anayowaambia wote.

Yerusha alitaka kujibu kwa utani, lakini akajikuta anasema, "Nimekaribia."

Nyama ya shukrani hailali, huliwa siku ileile. Kwa hiyo wakaitwa wafinyanzi na wake zao, na jirani mwenye mbwa, na wazazi pia, maana kuhani hakatazwi nyama ya asiye kuhani. Paja la kulia Petahia alikuwa amewagawia makuhani wenzake. La kushoto lilikuwa mbele ya Yerusha, na yeye alikuwa ameliinamia kama kuku aliyelalia mayai.

Mkono wa mzee ukaanza kutambaa juu ya mkeka.

"Baba," Yerusha akasema, mdomo umejaa, "sheria inasemaje juu ya mtu anayemnyang'anya mjamzito chakula chake?"

Petahia akafikiri kwa bidii. "Kwa kweli, haisemi."

"Basi inaanza kusema leo," akajibu, akaivuta sahani mpaka tumboni. Zibia akamkatia kuhani wake mkate.