Chungu Chenye Tangawizi

Nilipiga hodi kuomba maji ya kunywa tu. Basi letu lilikuwa limepata pancha, kondakta akatuambia tunyooshe miguu lakini tusitawanyike. Nyumba ya karibu ilikuwa ya fundi viatu, yenye viatu vya watu dirishani vikisubiri soli.

"Sukuma mlango, sina nguvu za kuja," ilijibu sauti ya mwanamke.

Alikuwa amelala kwenye kitanda kilichobanwa sebuleni, kati ya kabati la vyombo na cherehani ya kushonea viatu. Alikuwa amekonda kiasi kwamba shuka lilionekana limetandikwa juu ya kitanda kitupu. Akanionyesha jagi kwa kidevu.

"Wewe si wa hapa," akasema nikinywa.

"Hapana, mama. Napita tu. Kesho asubuhi nina usaili wa kazi, wa kwanza tangu nimalize chuo."

"Basi leo wamekupata."

Akanieleza kuwa ilikuwa sikukuu ya maboga. Mji mzima hupika boga, na mwamuzi lazima awe mpita njia aliyefungwa kitambaa machoni, maana pale kila mtu ni shemeji au mkwe wa mwenzake, na zamani walishafikia kupigana miiko.

"Mwaka jana tulimkamata muuza magodoro aliyepotea njia. Amekula vyungu vyote, amejilamba, ndipo anatuambia yeye hapendi boga!"

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kisichotaka kuisha. Nilimshikilia glasi mpaka kikamwachia.

"Chungu chetu nilikuwa napika mimi," akasema kwa sauti ya chini. "Leo kapika mume wangu. Nina mabinti wawili, bado wadogo. Nataka kujua watakula nini mimi nikishaondoka. Nikiwauliza watu wa hapa, wataniambia ni kitamu. Kila anayeingia humu ananidanganya, mwanangu. Jana jirani kaniambia nimenenepa. Wewe huna sababu ya kunidanganya. Chetu kina tangawizi. Ukishaonja, rudi uniambie ukweli. Niahidi."

Niliahidi upesi, kama mtu anayedhani ukweli utakuwa mzuri.

Sikufika hata kwenye basi. Kinyozi mwenye kipaza sauti alinidaka barabarani. "Jamani, mgeni! Tumepata mgeni!" Nikaburutwa hadi uwanja wa soko. Maboga yalikuwa yamevishwa kofia na miwani. Moja lililofungwa tai lilikalishwa kwenye kiti cha mbele, wakaniambia huyo ndiye mgeni rasmi. Watoto walikuwa wakishindana kubingirisha mengine mtelemkoni. Moja likamkumba polisi wa barabarani, na uwanja mzima ukampigia boga makofi.

"Kazi yako?" kinyozi akauliza.

"Sijapata bado. Nimemaliza chuo."

"Sikieni wenyewe! Ulimi wa mwaka huu una digrii!"

"Asituletee hotuba," mama mmoja akapiga kelele. "Boga linapoa!"

Kitambaa kilinuka poda ya kinyozi. Kijiko cha kwanza kilikuwa kitamu cha sukari. Cha pili kilikuwa na karanga, laini, kikapita chenyewe. Cha tatu pilipili tupu, nikatoa machozi na watu wakashangilia. Kisha makelele yakakatika ghafla. Hata watoto walinyamaza. Kabla kijiko hakijafika mdomoni nilisikia harufu ya tangawizi, na chini yake moshi.

Lilikuwa limeungua. Halikuwa na chumvi hata ya kudanganyia, na tangawizi ilikuwa nyingi kama iliyomwagwa na mtu mwenye hofu. Nilimeza.

"Hiki?" kinyozi akauliza bila kipaza sauti, kama anayeomba. Nikajua wote walitaka nikubali.

"Cha pili," nikasema.

Vigelegele vilikuwa vya unyonge.

Nilipofunguliwa kitambaa, mwanamume mwenye vidole vyeusi vya gundi alinivuta pembeni. "Nilikuona ukitoka kwangu," akasema. "Niliacha chungu motoni nikaenda kumgeuza mgonjwa kitandani. Hawezi kujigeuza. Kurudi, limeshika chini, na boga jingine sina. Tafadhali, kijana. Mwambie ni kitamu. Neno moja tu, alale."

Honi ikalia. "Msomi! Tunakuacha!" kondakta akaita.

"Nisubiri kidogo, kaka!"

"Gari la babako hili? Jingine ni kesho jioni!"

Kesho jioni, watu wa usaili wangekuwa wameshafunga mafaili yao. Niliushika mlango wa basi, mguu mmoja tayari kwenye ngazi. Ningeweza kwenda zangu. Mumewe angempelekea hilo neno moja tamu. Nikamwona mawazoni yule mama pale sebuleni, uso ameuelekeza mlangoni.

Nikashusha begi langu.

Ndivyo nilivyomkuta, ameelekea mlangoni. Mumewe alisimama nyuma yangu kizingitini.

"Haya," akasema.

"Limeungua, mama. Halina chumvi. Tangawizi imezidi."

Nje basi lilikuwa linapanda kilima, likibadilisha gia. Machozi yalimtoka bila sauti, yakaingia masikioni, wala hakuwa na nguvu za kuyafuta.

"Kwa nini liungue?"

"Alikuja kukugeuza."

Mlio wa basi ukapotea.

"Baba watoto," akaita. "Njoo ukae hapa. Ukitoka jikoni, kwanza unapunguza moto. Umesikia?"

"Nimesikia." Mwanamume akakaa kwenye kigoda chake cha kazi, magoti yamegusa kitanda.

"Boga likianza kulainika, ndipo unaweka chumvi. Chumvi unaweka..."

Usingizi wa dawa za maumivu ukamchukua hapo hapo, mdomo wazi kidogo. Mumewe hakuinuka. Alibaki ameinamisha sikio, akisubiri aambiwe kiasi gani.