Mstari wa Saba

...na wino uwe mweusi, wamesema mweusi tu, herufi kubwa, usifute, ukikosea chukua fomu nyingine uanze upya, na hii ni ya tatu, mbili ziko nyumbani chini ya godoro, zote zimejazwa vizuri mpaka mstari wa sita, jina la mtoto Kelera, tarehe ya kuzaliwa, mji Brisbane, uraia alionao Australia, uraia anaoombewa Fiji, halafu mstari wa saba, jina la mama mzazi, na hapo kalamu ya Unaisi hugoma kama punda kwenye daraja... mzazi, neno hilo wangeliacha wangepungukiwa nini, wangeandika mama tu, basi, angejaza na kwenda kulala. "Thelathini na moja," ofisa akaita kule mezani, sauti imemkauka, wametoka ubalozi wa Fiji kule Canberra jana kuja kukaa siku moja tu katika ukumbi huu wa kanisa hapa Logan, na watu wamejaa kama siku ya arusi, kuna chai, kuna mihogo ya kuchemsha, na namba ya Unaisi ni thelathini na nane, na macho yanamwasha, ametoka moja kwa moja kwenye zamu ya kuwageuza wazee vitandani, kiuno hiki si chake tena, na Kelera kakaa ubavuni anatafuna muhogo huku anasoma, mtoto huyu hasomi, anafagia, kashasoma matangazo yote ya ukutani, kashasoma boksi la biskuti mpaka jina la kiwanda, na sasa macho yake yanakuja huku, yanakuja kwenye fomu, na Unaisi ameweka kiganja juu ya mstari wa saba kama mtu anayeficha karata.

"Mama, mbona hujamaliza?"

"Namaliza."

"Umesema hivyo tangu ishirini na mbili."

...kweli, tangu ishirini na mbili, na bahasha iko mkobani, ndani yake cheti cha kuzaliwa, kimekunjwa mara nne, hakijawahi kufunguliwa mbele ya mtoto, maana kwenye cheti pameandikwa Laisani, na Laisani ni picha iliyo juu ya televisheni, msichana wa miaka ishirini na minne anacheka kafumba jicho moja kwa sababu ya jua, na kila Jumapili Kelera huifuta vumbi kwa pindo la gauni akisema Mama Mdogo leo umependeza, na Unaisi jikoni hujifanya anatafuta chumvi... hakusema uongo, mtu asimwambie alisema uongo, kwao mdogo wa mama ni mama, mkubwa wa mama ni mama, nani anapima nani alizaa na nani alibeba, amembeba tangu ana miezi mitano, moyo wa Laisani ulipochoka kabisa, ule moyo uliokuwa na kasoro tangu homa ya utotoni, amemlisha, amemkanda kifua usiku wa kikohozi, na baba ni jina tu kwenye cheti, alikwenda migodini huko magharibi wala hakurudi, kwa hiyo kama si mama ni nani... "Thelathini na mbili." Bibi mmoja aliyekaa kiti cha pili, Bibi Titilia, bahasha yake mwenyewe kaikalia isipeperuke, anamwangalia Kelera na kutabasamu, "Mtoto kakuibia sura yote huyu, mpaka masikio," na Unaisi akasema ndiyo Bibi, ndiyo, na masikio yale ni ya Laisani, yamesimama kidogo, yeye yake yamelala.

Mwaka jana kule Fiji, uwanja wa ndege wa Nadi, yule kijana wa uhamiaji alimuuliza mtoto, umekuja kututembelea siku ngapi, naye akajibu, sijatembea, nimekuja kwa bibi yangu, kijana akacheka, hakuwa na ubaya, akagonga muhuri wa mgeni, na Kelera akausoma, si anasoma kila kitu, akalia ndani ya basi mpaka Tavua, mgeni wa nani Mama, mgeni wa nani... na waliporudi Brisbane, hapo ndipo Bibi wa Rakiraki, mama yake Unaisi, aliposhika simu na kutoiachia. "Unaisi, mtoto huyu ataingia kwao kwa ruhusa mpaka lini? Mchukulie uraia, nimwandikishe kwenye kitabu cha ukoo nikiwa bado naona."

"Tutamwandikisha, Mama."

"Na aandikwe chini ya mamaye."

"Mama, hilo..."

"Nimesema mamaye. Chini ya jina la Laisani pale ni pakavu miaka kumi. Mtu akifungua atadhani binti yangu alipita tu."

...alipita tu, na Unaisi siku ile alikata simu akasema mtandao mbaya, kumbe mtandao ulikuwa mzuri, akaosha vyombo vilivyokwisha oshwa, kwa sababu kule hospitali Laisani alimwambia mlee awe wako, sauti yenyewe ya kunong'ona, mlee awe wako, na yeye akalishika neno hilo kwa mikono miwili miaka yote hii... lakini hakusema nifute mimi, hilo hakusema, alikuwa anachoka, alitaka mtoto asikose mtu, basi, na nani aliyeongeza yaliyobaki, nani aliyemfanya mzazi kuwa picha ya kufutwa vumbi, si Laisani, wala si ofisa huyu mwenye koo kavu, ni mimi, Unaisi anawaza, ni mimi niliyeogopa kwamba mtoto akijua atanitazama kama anavyowatazama watu wa kawaida, nikampokonya mdogo wangu kitu cha pekee alichokiacha duniani, kisha nikajiita mwenye huruma... na ajabu ni kwamba woga hauondoki, upo pale pale chini ya mbavu, ila umekuwa mdogo kuliko aibu.

"Thelathini na tatu." Bado watano mbele, chai inamiminwa, mtoto wa mtu analia mlangoni. Unaisi akaondoa kiganja. Akaandika herufi kubwa, taratibu, L, A, I, S, A, N, I. Kelera akaacha kutafuna.

"Mama, umekosea. Hilo ni jina la Mama Mdogo."

"Sijakosea." Akatoa bahasha mkobani, akakikunjua cheti mkunjo baada ya mkunjo, akakiweka juu ya magoti ya mtoto. "Soma. Soma polepole, halafu uniulize lolote. Siondoki hapa."