Kitabu Kisicho na Mti

Kwetu Lizulu neno mtengo lina matumbo mawili: ni mti, na ni bei. Mwenye akili huuliza ni lipi linalosemwa. Mimi sikuuliza, na mpaka leo nikipita kwenye kisiki cha mti wangu wa mbawa natema mate.

Mjukuu wangu Tamanda alihitaji kitabu cha baiolojia. Mtihani ulikuwa mlangoni. Kachingwe, mchoma mkaa mwenye kibanda cha kuchaji simu na kuchapa karatasi, akakitafuta kwenye maktaba ya mtandaoni, akanisogezea simu.

"Soma mwenyewe, agogo. Si uliwahi kukaa darasani, bibi wewe?"

Nikasoma kwa kidole. Mtengo: palibe. Mti: hakuna.

"Umeona? Karatasi hutoka kwenye mti. Hiki hakina mti, sasa nitakichapaje? Nipe ule mbawa wa nyuma ya nyumba yako."

Marehemu mume wangu aliupanda mwaka tuliooana. Nikautoa. Ulianguka kabla ya chakula cha mchana.

Ijumaa Tamanda akarudi kutoka bwenini. Akatazama karatasi ya kwanza ya kitabu alichonichapia Kachingwe, akakaa chini kama aliyekatwa miguu.

"Agogo! Hapa wanasema bei. Bei: hakuna! Kitabu ni cha bure, yeyote mwenye simu anakichukua!"

Sikulia. Nilimtukana Kachingwe, nikamtukana na mama yake, kisha nikamwomba huyo mama radhi huko kaburini maana alikuwa shoga yangu.

Asubuhi nikaenda kibandani. Watu foleni, magunia ya mkaa mlangoni. Nikachomoa kipande, mkaa wa mbawa wangu huo, nikaandika ukutani kwa herufi kubwa kama ng'ombe: MTENGO: PALIBE.

Nambewe, jirani yangu, alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Akasoma, akachomeka simu yake.

"Haya jamani, leo bure!"

"Na vitabu?" mmoja wa nyuma akamuuliza.

"Si umeona ukutani? Vyote!"

Kachingwe akatoka mbio. "We kikongwe, futa hayo!"

"Nifute nini, mwanangu? Nimeandika mti hakuna. Nenda nyuma ya nyumba yangu ukaangalie kama nimesema uongo."

Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Akamwaga maji ukutani. Weusi ukazidi kutapakaa.

Mimi sikucheka. Nilikaa juu ya gunia, kipande cha pili kiganjani, nikingoja ukuta ukauke.