Kioo cha Mtu Mfupi

Nilipanda ile pikipiki, nikashika usukani kwa mikono miwili, nikainua macho kwenye kioo cha kulia, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nikaona kilichokuwa nyuma yangu. Niliona geti lote, kamba ya nguo, na mama mwenye nyumba amesimama kando ya ndoo, mkono wake wa kushoto umefungwa bandeji, ananitazama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Kwa kawaida huwa sioni kitu. Mimi ni mfupi. Mama yangu alizoea kusema niliacha kurefuka ili nimpunguzie gharama za vitambaa. Pikipiki nilizotumwa kukagua zilikuwa za wanaume, na vioo vyao vilinionyesha mapaa na mawingu. Hata hivyo nilizipanda zote kabla ya kugusa chochote. Hakuna aliyenifundisha, ulikuwa mtindo wangu tu, na ofisini kwetu kwenye kampuni ya bima walinicheka hadi wakachoka. "Daktari gani anapanda kitanda cha mgonjwa?" waliniuliza. Niliwaambia mgonjwa wangu hasemi, inabidi nilale alipolala.

Siku hizi sipandi tena. Wateja wanapiga picha kwa simu, picha zinanifikia mezani, nami nakadiria hasara huku chai inapoa. Kazi imekuwa nyepesi, na sikatai wepesi. Lakini picha haikalishi mtu kwenye kiti, na kila ninapotazama picha ya kioo cha pikipiki namkumbuka yule mzee.

Mtaani walimwita Mzee Trei, kwa sababu alisambaza mayai madukani, trei kwa trei, miaka mingi kabla pikipiki hazijajaa barabarani. Alikuwa mrefu wa kuinamia milango. Nilipofika nilimwamkia, akaitikia kwa heshima zote, lakini mkono alionipa ulipita pembeni ya wangu kidogo, na alipozungumza aliangalia juu ya bega langu. Moyo ukaniuma. Nilidhani amekerwa kwamba wamemletea mwanamke, tena kibeti. Nilikuwa nimeshazoea dharau ya aina hiyo, kwa hiyo nilijifanya sikuiona.

Maelezo yake aliyatoa bila kusitasita. Alikuwa peke yake, akirudi nyumbani. Alikata kona kwa kasi, tairi likateleza kwenye kokoto, akaanguka.

"Mwendo wangu ulikuwa wa kijinga," alisema. "Kosa ni langu mimi, mwanangu. Andika hivyo hivyo."

Baada ya kuipanda pikipiki na kuona nilichokiona kiooni, nikashuka, nikaanza kazi. Ute wa yai ulikuwa umekaukia kwenye ekzosi, mwingine umeiva kabisa, na pale uani nzi walikuwa na sherehe yao. Taa ya nyuma ilikuwa imesagika. Madigadi ya nyuma ilikuwa imesukumwa mpaka ikagusa tairi, na keria ya kubebea mayai imekunjika kuelekea mbele. Sasa, mtu akiteleza kwenye kona, nyuma hapaguswi. Nikapiga magoti upande wa kushoto, ambako pikipiki ilikuwa imelalia. Inayoteleza huacha michirizi mirefu, maana chuma kinakokotwa barabarani. Hapo hapakuwa na mchirizi hata mmoja. Kulikuwa na bonde dogo kwenye tangi na ncha ya usukani iliyopinda, basi. Ilikuwa imesimama tuli, ikagongwa kwa nyuma, ikalala ubavu kama ng'ombe aliyechoka.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Katika kazi yangu nimedanganywa na kila aina ya binadamu. Nimeambiwa juu ya mbwa wasiokuwepo, mafuta yaliyomwagika barabarani na mtu asiyejulikana, upepo. Wote walidanganya ili kosa liwatoke. Huyu alikuwa amegongwa akiwa amesimama, haki yote iko upande wake, na alikuwa akipigania kwa nguvu kosa lisilo lake. Juu ya hayo, kioo kilichopona kilikuwa kimewekwa kwa macho ya mtu wa kimo changu, na yeye angekitazama angeona magoti yake tu.

Nikafikiri anachofikiri kila mkaguzi: kuna kijana asiye na leseni anafichwa, na nyuma yake kuna ujanja. Nilikasirika pia, nakubali, kwa sababu ya ule mkono uliopita pembeni. Ningeweza kufunga begi langu, nikaandika kwamba maelezo na chuma havipatani, na dai lingekufa pale pale. Nilijua maana yake kwao. Mkewe, yule mama mwenye bandeji, alikuwa ameniambia getini, kabla sijavua kofia, kwamba tangu pikipiki ilale maduka mawili yameshachukua mayai kwa mtu mwingine, na la tatu limeanza kununa.

Wakati huohuo mzee alisogea ili anionyeshe taa ya mbele. Alipapasa tangi, akapandisha vidole kwenye usukani, akashuka nao mpaka kwenye kioo cha taa, akakigonga kwa kucha. "Hii nayo imevunjika," alisema.

Taa ya mbele ilikuwa nzima. Mama alikuwa ameishika ndoo, akaiweka chini taratibu. Halafu, kwa mguu, alisogeza kigoda kidogo mpaka kikamgusa mumewe nyuma ya goti, na mumewe akakaa bila kugeuka kutazama kama kipo. Walifanya hivyo kama watu waliozoea, na mimi nikahisi damu inanipanda usoni. Hakuwa amenidharau. Hakuwa ameniona.

Nilikaa juu ya tofali, mbele yao. Nilichagua maneno kama mtu anayetembea juu ya yale mayai.

"Mzee, maelezo yanaweza kurekebishwa kabla sijasaini ripoti. Nikishasaini, ni uongo, na kampuni hailipi uongo. Hii pikipiki ilikuwa imesimama. Iligongwa na gari kutoka nyuma. Na aliyekuwa akiiendesha ni mfupi kama mimi."

Upande wa pili wa ukuta jirani alikuwa akifagia.

"Bima yenu," niliendelea, "inamlipia yeyote mwenye leseni aliyeruhusiwa na mwenye pikipiki. Mnachokificha hakiwaharibii chochote. Kinachowaharibia ni kukificha. Nani alikuwa anaendesha?"

Nilimtazama mama, ambaye kimo chetu kilikuwa kimoja, nilipouliza. Alinikazia macho.

"Ni yeye," alisema. "Mume wangu ndiye anayeendesha pikipiki hapa."

"Mama, huo mkono..."

"Niliteleza bafuni." Hakurudi nyuma. "Andika kama alivyokwambia. Msipolipa, msilipe. Tutabeba mayai kichwani."

Nimesikia watu wakiapa mbele yangu kwa ajili ya fidia. Sijawahi kumwona mwingine akiitupa fidia namna ile, kwa makusudi, ili mwenzake asiaibike mbele ya mgeni. Nilimpenda papo hapo, na nilijua kwamba nikiandika alichosema, ninawamaliza.

Mzee alinyoosha mkono hewani. Safari hii hakujifanya. Aliutafuta mkono wa mkewe, akaupata kwenye bandeji, akaushika juu yake.

"Basi, mama watoto," alisema. "Inatosha."

Kisha akanigeukia, au akaigeukia sauti yangu. Alisema macho yalianza kufifia kutoka pembeni, kama mtu anayefungiwa madirisha, na kwamba ni yeye aliyemhimiza mkewe aende kuchukua leseni, wakiwaambia watu anakwenda kumuuguza dada yake. Kila asubuhi aliisukuma pikipiki mwenyewe kutoka getini, kofia kichwani, akiwasalimia watu kwa sauti zao. Kwenye kona, penye ukuta mrefu usio na madirisha, mkewe aliyetangulia kwa miguu alikuwa akimsubiri. Alipanda mbele, yeye akakaa nyuma yake, mayai kwenye keria. Wakirudi walisimama pale pale wabadilishane.

"Ndipo tulipogongwa, na mayai yaliyobaki yakamwagika," alisema. "Tumesimama kujificha. Na yule mwenye gari alikuwa muungwana. Alishuka, akaomba radhi, akataka kutupeleka hospitali na kutoa namba yake. Tukamfukuza. Watu walikuwa wanaanza kujaa."

"Nilimfukuza mimi," mama alisema, chini kwa chini. "Kwa tusi."

Nilicheka, sikuweza kujizuia, na mzee naye akacheka. Mama hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na leseni yake, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mfuko mwingine, haijawahi kuonyeshwa mtu. Nikaikagua. Ilikuwa hai.

Nilitoa fomu nyingine safi. Tangu siku ile sijawahi kuandika kwamba mtu amedanganya kabla sijamuuliza anamlinda nani. Lakini hayo nilikuja kuyajua baadaye. Pale nilifuata utaratibu tu. Nilimweleza mzee kwamba lazima swali nilisome kama lilivyoandikwa, na jibu litoke kwa mwenye pikipiki kwa kinywa chake.

"Wakati wa ajali, dereva alikuwa nani?"

Alikohoa. Upande wa pili fagio lilikuwa limenyamaza.

"Mke wangu," alisema.

"Punguza sauti," mama alimnong'oneza. "Wanasikia."

Mzee Trei akainuka kutoka kwenye kigoda, akasimama kwa urefu wake wote, uso ameuelekeza ukutani.

"Na wasikie," alisema kwa sauti ya mtu anayeita duka kutoka ng'ambo ya barabara. "Andika, mwanangu. Mimi sioni. Dereva ni mke wangu. Na aliyemfundisha ni mimi."

Fomu haikuwa na nafasi ya hilo la mwisho. Niliandika hata hivyo, nikalibana pembeni kwa herufi ndogo, huku mama amejifunika uso kwa mkono wake mzima.