Kigingi Kilichopakwa Rangi

Kabla hakujapambazuka nilisikia kifuniko cha chupa ya chai kikifungwa jikoni, kri, kri, pole pole, kama mtu anayeogopa kuiamsha nyumba. Alikuwa mkwe wangu. Sikumwomba. Alijua naenda kwa dada, akaniwahi kuamka. Alinifungia mkate, na soksi nene za mwanangu ili mchanga usinichubue.

"Safari hii umlete, mama," alisema. "Chumba nimeshakifagia."

Dada yangu anaishi peke yake ndani ya hifadhi ya vilima vya mchanga, karibu na bahari. Majirani zake walihama zamani. Upepo unausukuma mchanga kuelekea nyumbani kwake, na paa la jiko limeshalala. Kila nikimwambia ahame, jibu ni lile lile: hawezi kumwacha mwanawe. Mtoto huyo alifariki angali mdogo, akazikwa mchangani, si mbali na nyumba. Kaburi lake liliwekewa kigingi cha mti, maana jiwe huzama.

Getini nilimkuta askari wa hifadhi, ambaye watu humwita Twiga kwa urefu wake. Alinipokea mkoba kabla sijamaliza salamu.

"Bibi, ukichoka useme. Usijifanye askari. Askari ni mimi."

"Askari gani anayebeba mkoba wa maua?"

Alicheka, akauvaa begani vile vile, maua yakitazama nje.

Mbingu ilikuwa ya kijivu. Mchanga ulitambaa vifundoni mwetu kama moshi, na vichaka vilivyofukiwa vilitoa ncha tu, kavu. Nilipoangalia nyuma, nyayo zetu zilikuwa zimeshafutika. Twiga alitangulia, akifupisha hatua zake ndefu ili nikanyage pale alipokanyaga yeye. Hakusema kwamba anafanya hivyo.

Njia huonyeshwa kwa vigingi vyeupe. Kilima kikihama, askari huving'oa na kuvipanda upya penye ardhi ngumu, wageni wasije wakadidimia.

Tulipokaa kunywa chai, Twiga alishika kikombe bila kunywa.

"Bibi, kuna jambo linanikaba. Mwaka niliofika palivuma upepo mkali. Nikahamisha vigingi vyote. Kimoja hakikuwa na rangi, nikadhani mchanga umeikwangua. Nikakipaka, nikakipanda njiani na wenzake. Baada ya siku chache nikamkuta dada yako amekaa karibu nacho, anazungumza. Ndipo nikaelewa kilikuwa cha nini."

"Ulimwambia?"

"Mdomo uligoma."

"Na pale kilipokuwa?"

Alitazama vilima, kimoja baada ya kingine. "Pamefunikwa. Sipajui tena."

Nilimwongezea chai, nayo ikapoa mkononi mwake. Tulipoinuka, moyo wangu ulikuwa unavutwa huku na huku. Nikimwambia dada ukweli, hatakuwa na kitu cha kumshikilia pale. Atahama, na paa halitamwangukia usingizini. Lakini nitakuwa nimemzika mwanawe mara ya pili.

Tulimkuta kando ya kigingi, ufagio mapajani. Alikuwa amekonda.

"Mmechelewa kama maharusi," alisema. "Twiga, huyu mdogo wangu umembeba au umemburuta?"

Twiga akaenda kuteka maji. Dada alinishika mkono mpaka ndani. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa juu ya matofali. Mchanga ulikuwa umejaa pembeni, umepanda ukutani mpaka usawa wa goti, na mlango ulifunguka nusu tu. Mezani palikuwa na kikombe kimoja.

"Dada," nilianza, "kile kigingi..."

"Twiga amekwambia." Alisema huku akinipangusa mchanga usoni, kama alivyonifanyia utotoni. "Nilijua siku ile ile. Mama atasahau alipomlaza mtoto?"

"Sasa mbona unakaa pale kila siku?"

"Yule hupita pale asubuhi. Ananiletea maji, ananiuliza nimelalaje. Nikimwambia najua, atatafuta njia nyingine kwa aibu. Ana mzigo wa kumtosha, maskini."

"Basi twende nyumbani. Chumba kimefagiliwa."

Alinisogeza dirishani. Nyuma ya nyumba kilima kilikuwa kimesimama, kipana, juu kuliko paa.

"Yuko chini ya kile. Vilima havikai, mdogo wangu. Kikishapita, ardhi yake itaonekana. Nisipokuwepo, nani atapajua?"

Nikakitazama kilima, nikatazama kilikokuwa kinaelekea. Mbele yake palikuwa na kitu kimoja tu, nyumba ile. Dada naye alikuwa anaangalia huko huko. Ningemwambia nini asichokijua?

Nilivua soksi za mwanangu, nikamvisha. Miguu yake ilikuwa baridi. Nilichukua ufagio, nikafagia mlangoni mpaka Twiga alipoita kwamba upepo unageuka. Alikuwa ameshajaza ndoo zote, na kuzifunika.

Tulipokuwa tunashuka, dada alisimama penye ule mlango nusu, akapaza sauti ishinde upepo:

"Mje tena, jamani! Msikae sana! Mkikuta mlango umezibwa, zungukeni mgonge dirisha."