Diski ya Pili

Fundi aligawa diski kama mama yake alivyogawa unga: wa leo, wa kesho, na kidogo cha mgeni asiyepiga hodi. Sehemu ndogo ya kuwashia mashine, kubwa ya mfumo wa Linux, na nyingine ya kumbukumbu za kazi, zisije zikafurika zikaiziba mashine pumzi. Mpango wote aliuandika katika faili moja. Seva ikiwashwa inalisoma faili, inafuta, inagawa, inajifungia mfumo yenyewe, haiulizi mtu.

Asubuhi hiyo seva zilikuwa sita. Tano mpya, ya sita kuukuu, na kwenye diski yake ya pili ilikaa sauti ya marehemu mama, saa tatu za maongezi ya mwaka wake wa mwisho. Simu iliyomrekodi ilishakufa. Nakala nyingine haikuwepo.

Fundi alikuwa na mwiko wake: diski unayoipenda, ichomoe waya kwanza. Hakuwahi kuuvunja. Ila leo dada yake alikuwa anakuja kusikiliza kwa mara ya kwanza tangu mazishi, naye alitaka akute kila kitu tayari. Waya hakuuchomoa. Akaandika: futa diski ya kwanza, ya pili iache. Akawasha zote sita.

Alisahau kwamba ile kuukuu huhesabu diski kwa inayowahi kuamka. Ya kwanza, kwa uzee wake, ilichelewa. Ya mama ikawahi, ikahesabiwa ya kwanza.

Dada alimkuta ameduwaa mbele ya kioo cha kompyuta.

"Umekonda, mdogo wangu. Hizi mashine ndizo zinazokulia chakula?"

"Keti, dada."

"Sikai sana. Mwaka mzima nimejikaza. Niwekee pale anaponisema kuhusu chumvi."

"Haipo."

"Haipo vipi?"

"Nimeifuta. Leo hii. Mfumo mpya umeshakaa juu yake. Nimejaribu kufukua, nimepata vipande visivyosema kitu."

Feni za seva zilivuma. Dada aliuweka mkoba sakafuni polepole.

"Na nakala? Si wewe unayeisema ofisi nzima kuhusu nakala?"

"Ni mimi."

"Kinyozi hajinyoi," alisema dada, lakini hakucheka. Akakaa. "Wewe ulikuwa unamsikiliza?"

"Kila Ijumaa."

"Basi niambie. Alisemaje?"

Fundi alikohoa kidogo. "Alisema, huyu dada yako akipika, bahari inakuja kuomba chumvi yake. Akasema, lakini nisipokula kwake, nitakula kwa nani."

Dada alikuwa amefumba macho.

"Halafu akacheka," alisema fundi.

"Alichekaje?"

Fundi alifungua mdomo, akajaribu. Kikatoka kicheko chake mwenyewe, kifupi, kikakatika.

Dada hakufumbua macho. Fundi akazunguka nyuma ya seva, akaichomoa waya ile diski ya mama, akamwekea mapajani. Bado ilikuwa ya moto.