Buruji la Nne

…na kidole kilekile kilichotoka kwenye kachori sasa kinatembea juu ya ukuta wa mashariki wa mchoro, kinaacha mafuta, kinapanda buruji la kwanza, ile pembe ya ngome iliyotokeza, kinateleza hadi la pili, na Raudha anatazama tu, kazi ya wiki nzima inapakwa chatini, kwa sababu mwenye kidole ni Mzee Maige wa mipango miji na asiyetaka mafuta kwenye mchoro wake akajenge wilaya nyingine… "Hili handaki," Maige anauliza huku akitafuna, "kwenye fomu tuliite nini, bwawa la samaki au mtaro wa maji taka?" na Rohit, mwenye ofisi na mwenye kachori, anacheka, "Andika lolote, mzee wangu, mradi bibi harusi apite juu ya daraja," kwa maana yote haya ni ukumbi wa harusi, jamani, ukumbi tu, hapa Nyahanga, ila Rohit aliona kwenye simu ngome ya Kizungu ya miaka mia tano iliyopita akataka ya kwake, na historia yake pia, dada Raudha tubunie na mtawala, naye akambuni, na wake zake, na vita vyake… minara ya saruji ingetosha, watu wapige picha wale pilau waondoke, lakini Raudha alikwenda kusoma, akajua kwa nini kuta za zama za mizinga zilichongoka kama nyota, kila buruji lilinde mgongo wa jirani yake, mtu asipate pa kujibanza, na akapendezwa mno, akapima hadi mzinga utafika wapi juu ya maegesho ya magari… ulimi wa Maige unatafuta kitu kwenye jino, unakipata, unakimeza… "Na hapa?" kidole kimefika buruji la nne, lile refu kuliko wenzake, "hapa umetoka nje kidogo ya kiwanja, binti," na kabla hajajibu Rohit amemjibia, kwa fahari, "Pana kisima pale, mzee, cha pampu. Dada kanielimisha, ngome bila maji ndani inazingirwa wiki moja imekwisha. Wazo lake hilo." Wazo lake… Maige anafunua ramani ya ofisi, anaikodolea, anatikisa kichwa, "Kwetu hapa hakuna kisima, ni eneo la wazi," basi wanawake wa Nyahanga wamekunywa miaka yote hii maji yasiyokuwepo, wamefua nayo, wamekoshea watoto, na Mama Wema, jirani yake, asubuhi hii amemwachia ndoo mlangoni, "Mayu, mama, najua kazi imekubana, nimekuchotea," ya palepale, chai aliyokunywa kabla ya kuja ni ya palepale… na mara ya kwanza kisima kile kutambuliwa na karatasi kimetambuliwa kikiwa kifungoni, ndani ya ukuta, tena si Rohit aliyekifunga, Rohit alitaka daraja tu, wala si huyu mla kachori, ni mkono huu safi, uliovuta mstari ukatoka nje ya kiwanja kwa sababu nyota ilikuwa inapendeza, na alipouvuta hakumwona mtu, aliona maji, aliona pembe… "Kama hakipo hakina mwenyewe," Maige anasema, "tunakimega, wabeja, asante sana, weka sahihi hapo chini, binti," Rohit anamsogezea kalamu, na Raudha haipokei, anainamia mchoro… na kichwani anaiona ngome nyingine, buruji la nne limekatwa butu kama kidole cha mkoma, nyota imepinda, ukuta umeacha mgongo wazi, ngome mbaya, mtawala wake wa kubuni yumo ndani na wake zake wote na midomo imekauka, na nje ya ukuta, kwenye pampu ya kisima, akina Mama Wema wanapokezana mpini bila hata kugeuka kutazama, na ngome inasalimu amri, kwa kiu, kabla keki haijakatwa… "Binti?" anaita Maige, kalamu ingali hewani, na Raudha anagundua kwamba hiyo ndiyo ngome anayoitaka, ile itakayoshindwa, na kwamba yuko tayari kuichora hata kama hakuna atakayekuja kuolewa humo.